Hodi Tatu za Shija

Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Redempta alikuwa mtu wa haraka. Akishamaliza shule na kazi za nyumbani, yaani ndoo mbili za maji kutoka bombani na kuchochea moto wa maharage ambayo mama yake aliyaacha jikoni, alichukua mfuko wake wa nguo za mazoezi na kutoka mbio. Kutoka kwao mtaa wa Malangali, mjini Sumbawanga, mpaka ukumbi wa Mwalimu Vitus ni mwendo wa robo saa kwa mtu anayetembea. Redempta alitumia dakika saba, maana hakuna siku aliyokwenda pale kwa kutembea.

Ukumbi wenyewe haukuwa wa kujivunia. Ulikuwa ghala la zamani la mahindi, kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati. Chini vilipangwa viroba vilivyojazwa pumba za mpunga, vikashonwa pamoja na kufunikwa turubai la bluu. Mchana Mwalimu Vitus alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jioni alifundisha watoto jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo aliojifunza kwa miaka sita alipokuwa akifanya kazi Lusaka. Ni mieleka ya chini, haina ngumi wala teke. Unamshika mwenzako, unamlaza, unamkaba au kumfunga mkono kwa namna ambayo hawezi kujinasua, hata kama anakuzidi nguvu.

Kwa kuwa mchezo huo ukifanywa ovyo unaweza kumvunja mtu, ulikuwa na sheria moja iliyozizidi zote. Ukizidiwa, unampigapiga mwenzako kwa kiganja, naye anakuachia papo hapo. Watoto wa pale waliita jambo hilo kupiga hodi. Kwingine wanaocheza hupiga chini, na mwalimu anasikia. Sumbawanga nani atasikia? Kuanzia mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukianza kuyatikisa yale mabati, hata mtu akipiga kelele karibu yako unaona midomo tu. Ndiyo maana Mwalimu Vitus aliagiza hodi ipigwe mwilini mwa mwenzako. "Mimi naweza nisisikie," alirudia kila wiki, "lakini aliyekushika lazima ataisikia."

Redempta alikuwa na miaka kumi na tatu, darasa la sita, na tuseme kweli, mtoto alikuwa hodari. Kwa mwaka mmoja na miezi miwili hakuna msichana aliyemshinda pale ukumbini, na baadhi ya wavulana walikuwa wakimwona anawaendea wanajifanya wanafunga kamba za suruali. Alisifiwa na wenzake, akasifiwa na jirani, akasifiwa na muuza uji wa kona. Lakini mgema akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Siku Mwalimu Vitus aliposema kwamba mwezi wa nane atampeleka msichana mmoja kwenye mashindano Mbeya, Redempta hakusubiri kusikia jina. Alilitangaza darasani, akalitangaza bombani, kisha akamwomba mama yake amtafutie begi la safari.

"Umeshachaguliwa?" mama yake, Justina, alimwuliza.

"Bado, mama. Lakini nani mwingine?"

Mama yake alimtazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua ulezi wake kwenye ungo.

Huyo mwingine alikuwepo. Aliitwa Shija, binti wa Mzee Kashinje, mfugaji aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na kujenga katika kijiji cha Mollo. Mwalimu Vitus alikwenda kwao siku moja kuchomelea mkokoteni uliovunjika ekseli, akamkuta binti huyo akiwalaza ndama chini ili wachanjwe. Alikuwa mdogo wa umbo, lakini hakutumia nguvu. Alimshika ndama, akasubiri anyanyue mguu, akamgeuza, basi. Mwalimu alisahau mkokoteni, akasimama anatazama. Mwezi wa nne Shija akaanza kuja mazoezini kwa baiskeli ya kaka yake.

Alikuwa mpole na hakusema sana. Miezi miwili haikuisha, siku ya Jumanne, mbele ya watoto wote, akampiga Redempta kabali mara mbili. Mara mbili Redempta akapiga hodi.

"Dada, leo umekutana na wenye ng'ombe," Raymond, mmoja wa wavulana, alimtania, na ukumbi mzima ukacheka.

Redempta naye alicheka, kwa midomo tu. Usiku ule aliuacha ugali sahanini. Aliona wivu, aliona aibu, na zaidi ya hayo aliogopa. Malangali nzima ilikuwa inajua kwamba Redempta anakwenda Mbeya. Asipokwenda, atapita wapi?

Alhamisi iliyofuata upepo ulivuma tangu asubuhi. Mabati yalilia kiasi kwamba Mwalimu Vitus alifundisha kwa kuonyesha mikono. Alipowapanga wawili wawili, Redempta na Shija walipata kona ya mwisho, karibu na ukuta, na mwalimu akageukia upande wa pili kuwaelekeza watoto wadogo. Wale wawili walishikana. Wakaviringika, wakainuka, wakaanguka tena. Mwishowe Redempta aliupata mkono wa Shija, akaunyoosha kati ya mapaja yake na kuegemea nyuma. Kufuli la mkono lilikuwa limekaa sawasawa.

Shija akapiga hodi gotini pa Redempta. Moja. Mbili. Tatu.

Redempta alizisikia zote. Alizihesabu. Ilimpasa aachie kwenye ya kwanza, lakini moyoni mwake kulikuwa na Jumanne yote, kabali mbili na kile kicheko. Akajiambia, bado kidogo, naye aonje. Akaegemea nyuma tena.

Kitu kikateguka ndani ya kiwiko cha Shija, na hata upepo haukuweza kuficha sauti yake.

Mwalimu Vitus alifika akikimbia. Shija alikuwa amejikunja, ameubana mkono kifuani, jasho linamtoka.

"Alipiga hodi?" mwalimu aliuliza.

"Hakupiga, mwalimu," Redempta alijibu. Neno lilitoka kabla hajalifikiri.

"Nilipiga," Shija alisema kwa shida. "Nilipiga mara tatu."

"Mimi sikusikia kitu," Redempta alisema, na safari hii alikuwa amelifikiri.

Mwalimu aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akambeba Shija mpaka barabarani kutafuta bajaji. Hospitali walisema mfupa haukuvunjika, ila mishipa ya kiwiko ilikuwa imevutika vibaya. Mkono ukatundikwa shingoni kwa kitambaa, na Shija akaambiwa asiutumie kwa wiki sita.

Kama ilivyo kawaida ya watu, maneno hayakukaa. Watoto wakaanza kusema Shija ni mkaidi, kwamba alikubali kuvunjwa kuliko kupiga hodi kwa Redempta. Wengine wakaongeza kwamba ni mwongo. Wiki moja baadaye kaka yake alikuja ukumbini na nguo za mazoezi zilizofuliwa na kukunjwa vizuri, akamkabidhi Mwalimu Vitus.

"Baba amesema asante," alisema. "Lakini mtoto wake hawezi kurudi mahali anapoumizwa, halafu akaitwa mwongo."

Mwalimu alizipokea nguo zile kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuna msichana mwingine mkubwa, alitangaza kwamba Redempta ndiye atakayekwenda Mbeya. Wenzake wakampigia makofi. Alikuwa amepata alichokitaka, tena mbele ya watu, na kilimkaa kama chakula kilicholala. Nyumbani alisema anaumwa kichwa. Ukweli ni kwamba kila alipolala alisikia kiganja cha Shija gotini pake.

Siku zikasogea. Jumanne moja alipangwa na Mariana, mtoto wa miaka kumi na moja ambaye nguo zake za mazoezi zilimvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Akili ya Redempta haikuwepo. Alipozinduka, mkono wake ulikuwa umenyooshwa kati ya mapaja ya Mariana, kufuli lilelile, na kiwiko kimeanza kuuma. Akainua kiganja na kupiga hodi. Hata ya pili hakuimaliza. Mariana alikuwa ameshafungua mikono yote miwili na kuiinua juu.

"Nimekuumiza, dada?"

Redempta alijiinua. Alikaa juu ya turubai, akaushika mkono wake mzima, akalia. Mariana akadhani amevunja mtu, naye akaanza kulia. Mwalimu Vitus ilibidi awabembeleze wawili.

Jioni ile mama yake alikuwa anasonga ugali. Redempta alisimama mlangoni pa jiko.

"Mama, Shija alipiga hodi."

"Shija yupi? Yule uliyemuumiza?"

"Alipiga mara tatu. Nilisikia. Sikumwachia."

Mama yake aliacha kusonga. Aliuipua ugali ungali mbichi, akaweka mwiko pembeni, akakaa kwenye kigoda.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilishasema kwa watu kwamba nakwenda Mbeya." Redempta alikuwa analia tena. "Na yeye ana miezi miwili tu, mama. Mimi nimejifunza mwaka mzima. Nilitaka nimshinde na aumie."

Justina alijifuta mikono kwa kanga. Hakupiga wala hakukaripia, na Redempta alitamani angekaripia.

"Kesho ukitoka shule tunakwenda Mollo," alisema hatimaye.

"Si nimwambie mwalimu tu, mama?"

"Mwalimu tutampitia, utamwambia. Lakini ule mkono haukuwa wa mwalimu."

Kesho yake walimkuta Mwalimu Vitus karakanani kwake, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. Redempta alisema yote, macho chini. Mwalimu alizima mashine yake ndipo akajibu.

"Mbeya hutakwenda."

"Najua, mwalimu."

"Na mimi nina kosa langu. Wawili mlisema maneno mawili, nikakupa wewe safari. Twendeni wote."

Mollo upepo unapita bila kizuizi, maana ni mashamba matupu mpaka vilimani, mahindi yameshavunwa na mabua yameachwa kwa ng'ombe. Mzee Kashinje alikuwa uani anarekebisha uzio wa zizi. Shija alitokeza mlangoni, mkono shingoni, akasimama palepale. Mwalimu Vitus alipiga hodi, wakakaribishwa, ingawa si kwa furaha.

Hapo Redempta aliona jambo ambalo hakulitarajia. Mama yake, ambaye hakuwa amemkosea mtu, alikunja magoti mpaka chini mbele ya Mzee Kashinje, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyopinda kidogo, kama Wafipa wafanyavyo wanapompa mtu heshima kubwa au wanapoomba jambo zito. Alipiga, akanyamaza, akapiga tena. Mzee Kashinje alikuwa ameishi Ufipa miaka ishirini. Alijua maana yake. Aliuacha uzio, akavua kofia yake.

Redempta alihisi uso unamwaka. Aliyepaswa kuwa chini pale alikuwa yeye. Akapiga magoti kando ya mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, Shija si mwongo. Alipiga hodi mara tatu nami nikasikia zote. Nilimuumiza kwa makusudi kwa sababu alinishinda. Halafu nikadanganya." Akamgeukia Shija. "Nisamehe, Shija."

Shija alibaki mlangoni. Alimtazama tu, kisha akaingia ndani.

Mzee Kashinje alimwinua Justina kwanza. "Inuka, Mama Redempta. Wewe huna kosa." Kisha akamtazama Redempta. "Maneno nimeyasikia, na nakushukuru umeyaleta kwa miguu yako. Lakini mkono ule ulikuwa na kazi hapa nyumbani. Maziwa yote ya nyumba hii alikuwa anayasukasuka yeye. Sasa mama yake anafanya peke yake, na ana mtoto mchanga. Utakuja kila Jumamosi mpaka mkono upone."

"Nitakuja, baba," Redempta alisema.

Jumamosi ilikuwa siku kubwa ya mazoezi. Aliiacha.

Alidhani kusukasuka maziwa ni kazi ya kitoto. Mtu anayelaza wavulana chini atashindwa na kibuyu? Jumamosi ya kwanza mama yake Shija alimkalisha kwenye ngozi, akampakatisha kibuyu kikubwa cha maziwa mgando, akamwonyesha jinsi ya kukiyumbisha ili siagi ijitenge. Redempta alikitikisa kwa nguvu zake zote, amalize mapema. Mabega yakawaka moto. Saa nzima ikapita, siagi hakuna. Akaongeza nguvu. Kizibo kikachomoka, maziwa yakamrukia usoni, kichwani na kwenye sketi.

Kutoka mlangoni kikasikika kicheko. Shija alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mkono shingoni, anacheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile kumwonyesha Redempta sura nyingine isiyo ya ukimya.

"Unagombana nacho," alisema. "Kwani kimekukosea nini?"

"Sasa nifanyeje?"

"Taratibu. Mwendo mmoja, usibadilishe. Siagi haijui kwamba wewe una haraka."

Redempta alijifuta uso na kuanza upya. Hakuweza siku ile. Wiki iliyofuata alipata siagi kidogo, ya kujaza kiganja. Ya tatu alipata nusu bakuli, na mama yake Shija akaitazama, akasema, "Afadhali." Redempta alirudi Malangali na neno hilo moja akalisimulia nyumbani mara mbili. Mtaani walimwuliza habari za Mbeya. Mwanzoni alijibu akitazama chini, kisha akazoea kusema, "Siendi. Nilimuumiza mwenzangu nikasema uongo." Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Waliochoka kuuliza waliacha. Ukumbini Mwalimu Vitus alimsimamisha aseme ukweli mbele ya wote, akausema, na jina la Shija likasafishwa palepale lilipochafuliwa.

Mbeya alikwenda Mariana. Akashindwa mchezo wake wa kwanza, akarudi anasimulia safari kwa furaha utadhani ameshinda nchi nzima.

Wiki ya saba kitambaa kilitoka shingoni. Wiki ya tisa Mzee Kashinje alimleta binti yake ukumbini mwenyewe, akakaa kwenye benchi kando ya ukuta, kofia magotini, aone kwa macho yake. Upepo ulikuwa bado unavuma. Mwalimu Vitus alimwuliza Shija anataka kuanza na nani. Shija alifikiri kidogo, akamnyooshea kidole Redempta.

Watoto wakasogea kuwapisha. Walishikana mikono, wakaanza polepole. Shija alimlaza Redempta mara ya kwanza, akamkaba, Redempta akapiga hodi mapema na kuachiwa. Kushindwa huko hakukumuua. Mara ya pili Redempta aliupata mkono wa Shija, mkono uleule. Hakuwa ameunyoosha hata nusu pale Shija alipomgusa gotini kwa kidole kimoja. Hakuna maumivu yaliyokuwepo bado, wote wawili walijua. Redempta akafungua mikono na kuiinua juu.

Wakaanza tena. Redempta alipouchukua mkono, Shija akagusa, Redempta akaachia. Wakaanza tena, ikawa vilevile. Wengine hawakuelewa kwa nini wasichana wale wanacheza namna ile, lakini Redempta alielewa. Shija alikuwa anabisha ili ajue kama kuna mtu ndani. Kila mara Redempta aliitika, na asingechoka hata wangefanya hivyo mpaka usiku. Mwishowe Shija hakugusa. Aliuacha mkono wake mikononi mwa Redempta, akatulia, akaanza kutafuta njia ya kujinasua kama mchezaji anayecheza. Akaipata, akajigeuza, akampita Redempta juu.

Pale benchini Mzee Kashinje alivaa kofia yake.

Mwalimu Vitus aliwaita watoto wote wakae chini, karibu, wamsikie.

"Mnasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni kweli," alisema. "Ukija hapa ukitegemea kuwa wa kwanza kila siku, utaumia moyo, kwa sababu kesho atakuja aliyejifunza vizuri kuliko wewe, hata akiwa mdogo na ameanza jana. Hiyo si aibu. Lakini nataka mkumbuke jambo zito zaidi. Mwenzako anapokubali umshike, amekukabidhi mkono wake, shingo yake, mwili wake mzima. Akipiga hodi, mimi sisikii, baba yake hasikii. Unasikia wewe peke yako. Ubora wako hauko kwenye kumshika. Uko pale unapoisikia ile hodi, hakuna anayekuona, na unaachia."

Kisha akawaambia wasimame wapangane wawili wawili. Shija akabaki palepale mbele ya Redempta, akampa mkono.